Nyanya Yenye Uzi Mwekundu

Nyanya ya kwanza ilipoanza kuwa nyekundu, nilijua nimekwisha.

Ilikuwa Jumapili, saa tisa alasiri, nami nimechuchumaa kwenye bustani nyuma ya nyumba ya mchumba wangu, nimeishika ile nyanya kwa vidole viwili. Ilikuwa ya mviringo, laini, nyekundu moja kuanzia kwenye kikonyo hadi kitakoni. Nzuri tu. Ukiikuta sokoni unanunua. Shida ni kwamba pale ilipokuwa ilitakiwa iwe ya manjano, kubwa kama ngumi mbili, ina mikunjo kama kiuno cha sketi ya marinda, na michirizi myekundu inayoteremka mpaka chini. Hiyo ndiyo nyanya ya marehemu mama yake. Hii niliyoishika ilikuwa ni kazi yangu mimi, na harusi yetu ilikuwa Jumamosi ijayo.

"Usiitomase sana, Fundi," akasema mchumba wangu nyuma yangu. "Itachoka kabla dada hajafika."

Mtaa mzima unamwita Funguo, kwa kuwa ndiye fundi wa kufuli na vitasa. Mimi nashona nguo, kwa hiyo yeye ananiita Fundi. Tukigombana tunaitana "fundi mwenzangu", kwa heshima zote, na majirani wakisikia hivyo wanajua leo kuna moto.

"Lazima aje leo?" nikamuuliza.

"Nyanya ya kwanza anaonja yeye. Ndivyo alivyotaka mama."

"Imekuwa nyekundu."

"Naona."

"Labda ni jua. Jua la mwaka huu limekuwa kali."

"Labda," akasema, akainama kunyanyua ndoo ya maji.

Hiyo "labda" yake ndiyo ilinimaliza. Angefoka ningepata pa kuanzia. Alitia maji kwenye shina taratibu, bila kulowesha majani, jinsi alivyofundishwa na mama yake, na mimi nikabaki natazama mikono yake huku nimeng'ata midomo.

Nieleze nilichofanya, kabla hujaanza kunionea huruma.

Mama yake sikumkuta. Ninachojua ni kwamba alikuwa na mbegu yake ya nyanya, akaitunza zaidi ya miaka thelathini. Nyanya hiyo huipati sokoni, ngozi yake ni nyembamba mno, ukiipakia kwenye gari inafika uji. Inaliwa palepale nyumbani, unaikata vipande vinene, unanyunyiza chumvi, basi. Kila msimu mama alichagua tunda moja, lililo bora kuliko yote, akalifunga uzi mwekundu kwenye kikonyo. Lenye uzi haliliwi. Linaachwa liive mpaka lilegee, linakamuliwa mbegu kwenye glasi ya maji, zinakaa siku tatu mpaka utando ujitokeze juu, zinaoshwa, zinaanikwa kwenye sahani, halafu zinaingia kwenye bahasha ya kaki. Bahasha ilikuwa hiyohiyo moja, na kila mwaka aliandika mwaka mpya chini ya mwaka wa jana.

Alipofariki, mbegu zilizobaki zilikuwa kuukuu. Funguo alizipanda zote, ikaota miche sita. Mnyauko ukachukua mitano. Ule wa sita ukazaa tunda moja, moja tu, na siku lilipoanza kubadilika rangi aliniita.

"Fundi, una uzi mwekundu?"

Nilikuwa nao. Nikaufunga mwenyewe, fundo la kishonaji lisilofunguka.

"Hii haiguswi," akaniambia. "Hata njaa ikitutoa roho, hii haiguswi."

"Nimesikia. Mimi si mtoto."

Wiki hiyohiyo akapata kazi ya kufunga vitasa kwenye hoteli mpya, mji wa mbali, siku kumi na nne. Akaniachia funguo za nyumba na bustani. Siku ya tano, dada yake akaja bila taarifa.

Huyu dada ni muuguzi. Ni mkubwa kwake kwa miaka kumi na miwili, na baada ya mama yao kufariki ndiye aliyeshika nafasi ya mama. Alikuwa hanitaki, na wala hakuficha. "Mdogo wangu anahitaji mwanamke mtulivu," aliwahi kusema nikiwa nimekaa palepale. "Huyu mshona nguo mdomo wake una injini." Na bila neno la dada, Funguo hawezi kuoa. Ananipenda, lakini asingeoa.

Siku hiyo alikagua jiko, akakuta nimehamisha masufuria, akaguna. Alikagua kabati, akaguna tena. Halafu akatazama nje kupitia dirishani, akanyamaza. Yule mwanamke asiyejua kunyamaza.

"Ile ni ya mama," akasema.

"Ndiyo."

"Sijaila tangu alipotutoka. Hata kabla ya hapo, ule mwaka wa mwisho alipokuwa anaumwa, hakupanda." Akafuta macho kwa kiganja. "Nimesahau ladha yake. Jana nilikuwa zamu, nikajaribu kuikumbuka, nikashindwa."

Ungekuwa wewe ungemwambia kwamba ile ni ya mbegu, ungesema Funguo amekataza, na mambo yangekwisha. Mimi nikasema, "Ngoja nikukatie, wifi." Mkasi nilikuwa nao mfukoni. Nikaukata uzi wangu mwenyewe.

Alikula akiwa amefumba macho. Alikula kipande kwa kipande, akaokota mbegu zilizobaki kwa ncha ya kidole, akainua sahani akanywa na maji yake. Alipomaliza alinishika shavu na kuniita wifi kwa mara ya kwanza. Kabla Funguo hajarudi, mmea nao ukanyauka.

Hapo nilikuwa bado na nafasi ya kuwa mtu. Lakini nilikwenda sokoni nikanunua nyanya tatu, nikazikamua kwenye glasi, nikangoja siku tatu, nikaosha, nikaanika kwenye sahani, nikafuata kila hatua niliyofundishwa. Halafu nikaifungua bahasha ya kaki yenye mwandiko wa mama yake, nikaipuliza ndani, nikazimimina. Ile nyanya naweza kujitetea kwamba nilipitiwa. Bahasha sikupitiwa.

Funguo aliporudi aliifungua akachungulia kwa muda mrefu.

"Zote hizi za nyanya moja?" akaniuliza.

"Moja," nikamwambia.

"Mama angefurahi," akasema.

Nikaenda kujifungia bafuni mpaka aibu ipungue. Haikupungua. Miezi minne na nusu sasa, haijapungua.

Basi hapo ndipo tulipokuwa wakati dada yake alipobisha hodi Jumapili ile, akaingia moja kwa moja mpaka bustanini, na sahani yake mkononi na kisu ndani ya pochi.

"Wifi yangu huyo," akanikumbatia. "Gauni limekwisha?"

"Bado pindo."

"Fundi anajishonea mwenyewe halafu anachelewa. Ningekuwa mteja ningegomba." Akacheka, akamgeukia mdogo wake. "Haya, iko wapi?"

Funguo akamwonyesha kwa mkono. Dada akasogea. Akainama. Akazunguka mmea mzima, akafunua majani, akakuta nyingine mbili bado za kijani, za mviringo vilevile. Akanyanyuka polepole.

"Hii ni nini?"

"Nyanya, dada."

"Naona ni nyanya. Nauliza ya mama iko wapi."

"Nimekosea," Funguo akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Nadhani nilizichanganya. Zile za mama niliziacha juani zikaungua, na hizi zitakuwa za dukani."

Nikamtazama. Huyu mwanaume hajawahi kununua mbegu ya dukani tangu azaliwe. Kwenye rafu ya ukutani ana makopo ya mbegu za nyanya ndogo za njano zenye umbo la peasi, ana zile zinazoiva zikiwa za kijani, kila kopo ana habari zake, nani alimpa na lini. Kuchanganya mbegu kwake ni sawa na mimi kushona mkono wa kushoto kulia.

"Umezichanganya," dada akarudia.

"Ndiyo."

"Nyumba tuligawana. Vyombo tuligawana. Mbegu mama alikupa wewe peke yako. Unajua nilinuna mwezi mzima? Nikajisemea sawa, yeye ndiye mwenye mkono wa bustani, ataitunza. Kitu kimoja ulichoachiwa, na umekichanganya na takataka za dukani."

"Nisamehe, dada."

"Nikusamehe mimi? Mimi ni nani? Kamwombe msamaha yule aliyelala kule." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Na umesimama hapo macho makavu. Hata huoni uchungu."

Funguo aliinamisha kichwa, akanitupia jicho mara moja, haraka. Nilidhani ananiomba msaada. Roho ikaniuma nikashindwa kuvumilia. Kumwona amesimama pale akisutwa kwa dhambi yangu, wiki ya harusi yetu, ilikuwa zaidi ya nilichoweza kubeba.

"Si yeye," nikasema.

"Fundi," akasema Funguo, "katuletee maji ya kunywa."

"Maji baadaye. Si yeye, wifi. Ni mimi."

"Fundi. Tafadhali."

Mwenye akili zake angeisikia hiyo tafadhali. Mimi injini ilishawaka. Nikasema yote. Nikasema kwamba nyanya niliyomkatia siku ile ilikuwa peke yake, ilikuwa ya mbegu, ilifungwa uzi na niliufunga mimi, niliambiwa isiguswe, nikaikata. Nikasema habari ya sokoni, ya glasi, ya sahani, ya bahasha. Sikuacha kitu. Nakiri kwamba nilipomaliza nilijisikia mwepesi, kama niliyetua mzigo wa kuni. Wepesi wenyewe haukudumu, kwa sababu nilimtazama dada usoni.

"Ilikuwa moja?" akauliza.

"Moja."

"Ile niliyokula."

Nikaitikia kwa kichwa. Akarudi nyuma hatua mbili, akakaa kwenye ukingo wa saruji wa bustani, sahani yake mapajani.

"Nililamba sahani," akasema, na alikuwa anamwambia mdogo wake, si mimi. "Niliokota mbegu moja moja kwa kidole. Nikazitafuna. Zile zilizokuwa za mwisho."

"Hukujua, dada."

"Wewe ulijua?"

Funguo akasugua kiganja kwenye suruali.

"Nimekuuliza, ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu jioni ileile. Ulinipigia simu. Ukaniambia, mdogo wangu, oa, huyu amenikatia nyanya ya mama. Ulikuwa unalia na kucheka. Sijakusikia hivyo tangu tulipozika." Akavuta pumzi. "Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za ile hoteli, bisibisi mkononi. Ningekuambia nini? Nilisema, asante dada, nimefurahi."

Nilishika ukuta.

"Kwa hiyo uliporudi," nikamwambia, "ukakuta bahasha imejaa..."

"Nilijua."

"Na ukazipanda."

"Nilizipanda upate muda." Sasa alinigeukia, na macho aliyosema dada yake ni makavu hayakuwa makavu tena. "Nilisema, zikiota ataniambia. Zikaota. Nyanya ya mama ina majani mapana, kama ya kiazi, hizi zina majani membamba, hata kipofu angeyapapasa akajua. Nikasema, zikitoa maua ataniambia. Kila asubuhi ukipita kwenda dukani kwako unasimama hapo na kikombe cha chai, unaniambia zinastawi. Na mimi nakuitikia."

"Mbona hukuniuliza?"

"Nilikuuliza. Nilikuuliza kama zote ni za nyanya moja."

Nilitamani ardhi inimeze, na sisemi kwa mazoea.

"Nilitaka uniambie mimi," akaendelea. "Mimi tu, sisi wawili, mlango umefungwa. Mbegu imekwenda, imekwenda, ningelia siku mbili yakaisha. Lawama ya kuchanganya ningeibeba mimi, dada angeninunia, angenisamehe, na asingejua kitu mpaka anaingia kaburini. Sasa anajua alikula nini."

Dada aliinua mkono kumnyamazisha, kama anavyofanya nadhani wodini.

"Niacheni nijisemee mwenyewe," akasema. Akanitazama. "Siku ile ulinipa kwa nini? Usinipambie maneno."

"Nilitaka unipende."

"Ulifanikiwa," akasema. "Ndilo tatizo."

Alinyanyuka. Akakipangusa kisu chake ambacho hakikuwa kimekata chochote, akakirudisha kwenye pochi.

"Jumamosi nitakuja, au sitakuja, sijui," akamwambia Funguo. "Nipigie wewe. Yeye asinipigie." Alipofika mlangoni akageuka. "Na usiache kunipigia kwa sababu unaogopa nitaumia. Mimi kila wiki nawaambia watu mambo mabaya kuliko haya. Sihitaji kulindwa na mtoto niliyemfunga nepi."

Mlango wa mbele ukafungwa taratibu sana.

Tulibaki wawili. Funguo alikaa pale dada yake alipokuwa amekaa, mimi nikabaki nimesimama, maana sikuona kama nina haki ya kukaa. Niliwaza gauni lililoning'inia nyumbani kwangu, pindo halijafungwa. Niliwaza shangazi zangu ambao wangetaka kujua sababu, na sababu yenyewe ingekuwa nyanya, na wangecheka mpaka washike mbavu. Niliwaza pia kwamba nampenda, nampenda hata mwendo wake, na kwamba kwa miezi yote hiyo alikuwa amesimama pale na ndoo akinisubiri.

"Sema kitu," nikamwambia. "Nigombeze. Niite fundi mwenzangu."

Hakucheka.

"Una lingine?" akaniuliza.

"Lingine gani?"

"Lolote. Siwezi tena kungoja hivi. Nimezeeka, unaniona? Kama kuna lingine, niambie leo. Kama hakuna, niambie hakuna, na safari hii nitakuamini kwa sababu sina njia nyingine."

Ingekuwa rahisi sana kusema hakuna. Neno lilikuwa limeshafika ulimini. Lakini lilikuwepo, na nilikuwa nimelificha hata mimi nisilione.

"Ule mmea uliponyauka," nikasema, "nilifurahi."

Alinyanyua uso.

"Sikukusudia. Nilikuja asubuhi nikaukuta umelala, na kabla sijaogopa, nilifurahi kwanza. Ulikuwa unaamka unakwenda kwake kabla hujanijulia hali. Ukisafiri, swali la kwanza kwenye simu ni mmea, mimi wa pili. Mama yako sikumjua, hakunikosea kitu chochote, na nilimwonea wivu. Nikajisemea, sasa nitabaki naye peke yangu." Nikageuka kutazama zile nyanya mbili za kijani. "Sasa umejua. Hilo ndilo lililo chini ya yote. Hakuna lingine."

Bomba la jirani likafunguliwa, likafungwa.

"Hilo sikulijua," akasema mwisho. "Mengine yote niliyajua. Hilo sikulijua."

"Najua ni baya."

"Ni baya." Akasogea kidogo kwenye ule ukingo, akaacha nafasi kando yake. "Kaa. Anza tena, toka siku ile ulipoanza kumwonea wivu. Nikikukatiza, niambie ninyamaze."

"Ni refu, Funguo."

"Jumamosi bado iko mbali."

Nikakaa. Sikujua kama nitalivaa lile gauni, na sikuthubutu kuuliza. Nikaanza kumwambia.